Treni Haikufikaka Kamanyola, Anasema

Siku ya tano, jioni.

Niko na miaka makumi nane na mbili. Nimezika wakubwa wangu wote, na reli ya Kamanyola pia.

Leo mujukuu wangu Neema, ule wa iniversite, ananiambia: «Babu, treni haikufikaka Kamanyola. Ile gare yako, kituo unachosema cha treni, labda ilikuwa parking ya mabisi ya abiria.» Akacheka. Anataka kuandika hivyo mu travai yake ya masomo.

Sikukula. Mimi nilikimbizana na treni ya mwisho, nikaishinda mpaka ku daraja. Kisha reli waliing'oa, lakini ile filimbi ningali naisikia.

Neema akibisha, aende mu mutaa wa Cimpunda, aulize maman Faida, ule niliyemupenda mu ujana. Treni ile ndio ilimubeba. Alikuwa ku dirisha ananiita, na kisha kuvuka daraja mimi nilichoka.