Nilitaja Pesa Yangu Kanisani, Bondi Wakaipandishia Bei Gari

Mpendwa Senga Nabwire, shangazi yetu wa ushauri, nakuomba unisaidie haraka maana Jumamosi hii natakiwa nisaini mkopo wa gari na tangu juzi chakula haishuki, na mimi Senga ni mtu wa kula, uliza mtu yeyote ananunuaga bitenge kwangu atakuambia yule mama wa kucheka na chapati mkononi, basi siku hizi chapati inakauka kwa meza na mimi naiangalia tu. Maandishi yangu usicheke, shule nilitoka darasa la tatu kule Butembo, na majina yote nimegeuza kusudi watu wasijue ni nani.

Bwana yangu tumuite Kasereka. Hapa Kampala anaendesha spesho, ile teksi ya kukodi, na gari ni ya bosi, jioni anapeleka hesabu, gari ikiharibika kosa ni lake, na bosi akiamka vibaya anamnyang'anya funguo, Kasereka anakaa nyumbani wiki nzima ananiangalia nikipika na kuniambia vitunguu ni vingi. Kwa hiyo tukasema basi, tununue yetu. Mimi niko kwa kikundi cha wamama cha kuweka pesa, na dada yangu wa Kanada alituma kidogo, tukafika milioni kumi na sita, na hiyo pesa Senga nilikuwa naiota, naiona inatembea barabarani ina taa mbele.

Sasa kanisani kwetu kuna ushuhuda wa imani. Kama wewe hujui ni hivi, ukitaka kitu unasimama unamshukuru Mungu mbele hakijafika, na mchungaji anatufundisha utaje kitu chenyewe, na rangi yake, na pesa umeshapata, maana anasema Mungu hapendi maombi ya kuzunguka zunguka. Nikasimama. Siku hiyo nilivaa vizuri sana. Nikashika kipaza sauti nikasema nashukuru Bwana kwa gari ya Spacio ya rangi ya fedha na kwa milioni kumi na sita ambayo iko tayari nyumbani, watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele, na yule kijana wa gitaa akanipigia wimbo kidogo wa kunisindikiza nikirudi kukaa.

Huyo wa gitaa nimpe jina Heritier. Jumapili ni gitaa, siku zingine ni broka, anasimama huko kwa mabondi, zile yadi za kuuza magari yaliyotoka nje, anapeleka watu wetu wa Congo kununua, anapata kitu kidogo. Mimi ananiita mama mkubwa. Mama yake, tumuite Esperance, tulikimbia vita pamoja, binti yangu alivuka mpaka kwa mgongo wa Esperance maana mimi nilibeba sufuria na mtoto mwingine, kwa hiyo Heritier ni mtoto wa nyumba, sombe yangu ya majani ya muhogo anaijua kuliko bwana yangu. Tulipotoka ibada akanifuata mpaka nje.

"Mama mkubwa, ile gari uliyotaja nimeiona. Imefika juzi kutoka Japani, bado haijavaa namba."

Nikaenda naye. Bondi yenyewe siitaji. Muuzaji pale ni mtu mmoja anaitwa Ochan, shati nyeupe, viatu vinang'aa mpaka unajiona meno. Akaniita mama kwa Kiganda, "Nyabo, hii ni milioni ishirini na tatu."

Nikamwambia, "Kwa ishirini na tatu nakununua na wewe ukiwa ndani?"

Akacheka. Akasema kwa sababu nimeletwa na Heritier, na kwa sababu Krismasi inakaribia, kampuni inatoa diskaunti, milioni tatu anaondoa, inabaki ishirini. Lakini hiyo diskaunti ni ya wenye kuchukua mkopo kwao. Mwenye kulipa cash hapati.

"Mwenye cash ndiye analipa nyingi?" nikamuuliza.

"Ndiyo mpango wa kampuni, nyabo. Na usimwambie mtu, hii nimekupa wewe tu."

Mpango ni hivi, natoa yangu kumi na sita, ile nne inabaki nalipa mwaka mzima na faida juu, na kwa sababu mimi sina mshahara wa ofisi wanashika kiwanja chetu, kile tulinunua tujenge, na ndani ya gari wanafunga kitu, ukichelewa kulipa wanaizima hata kama uko katikati ya barabara na abiria. Mimi Senga nilifurahi, sikufichi. Milioni tatu ya bure, nilitoka pale natembea kama bibi harusi. Nikatoa laki tano ya kushika gari wasimpe mwingine.

Sasa juzi nikarudi na Heritier kuiangalia tena. Nikafungua mlango nikajilaza kwa kiti cha nyuma, nikakunja miguu, nataka nisikie kama mgonjwa akitoka hospitali ya Nsambya atalala vizuri, maana Kasereka anapendaga kubeba wagonjwa, hawabishani bei. Kioo kilikuwa wazi kidogo. Ochan na Heritier walidhani nimeenda chooni. Nikasikia Ochan anauliza, "Huyu wako alisema ana ngapi?"

Heritier akasema, "Kumi na sita. Alisema mwenyewe kanisani, na kipaza sauti."

"Na hii cash ni kumi na saba."

"Ukimwambia kumi na saba, hiyo moja ataomba dada yake, analipa, anaenda. Sisi tunakula nini? Acha hivyo hivyo. Ishirini na tatu, tumetoa tatu, mwenyewe anamshukuru Mungu. Na kanisani kuna wengine wanne wanatoa ushuhuda mwezi huu."

Ochan akacheka sana. "Kanisa yenu ni nzuri, na mimi nitakuja."

"Karibu, tunaanza saa tatu."

Senga. Huyu mtoto. Huyu mtoto nilimwogesha. Mguu mmoja ukakazana kwa kukunjwa na sikuweza kuunyoosha maana wangesikia, nikalala pale kama maiti nimeuma kitambaa, nikangoja waende upande wa ofisi, ndiyo nikatoka kwa mlango ule mwingine, nikawafuata nikasema gari ni nzuri, viti ni laini. Sijui hata hayo maneno yalitoka wapi. Heritier akanibebea mkoba mpaka kwa boda, ananiambia pole pole mama mkubwa.

Na tangu hapo sijamwambia mtu. Mimi. Mimi ambaye mtu wa Kibuli akinunua kitanda, Mengo wanasikia mbele kitanda hakijaingia nyumbani. Hata Kasereka sijamwambia, maana yeye amesharudisha funguo za bosi, amemwambia kwaheri na maneno mengine juu yake, sasa anakaa nyumbani anangoja gari. Na Jumapili mchungaji anakuja kumwagia gari mafuta ya baraka, wamama wameshona sare, tena kwa bitenge vyangu mwenyewe, wengine bado hawajalipa.

Kwa hiyo nasema labda nisaini tu ninyamaze, Kasereka apate kazi, Esperance asiaibike. Nikikataa, watu watasema ushuhuda wangu ulikuwa wa uongo. Na huyu Heritier nimfanye nini, jana amekuja kula, nikampakulia, mimi mwenyewe sikugusa sahani, ananiuliza, "Mama mkubwa, unaumwa?"

Nijibu, Senga, Jumamosi si mbali.

Mimi Mama wa Bitenge, Kampala.

*

Mama wa Bitenge, pole sana, na asante kwa kuandika. Kwanza ujue kuna vitu nimeviondoa kwenye barua yako. Uligeuza majina ya watu, lakini ukaandika jina la kanisa, mtaa mnaokaa na namba ya simu ya mchungaji. Siku nyingine geuza na hivyo.

Mimi pia nimeshtuka, tena nimesoma barua yako mara mbili nikiwa nimesimama. Lakini wewe umeshtushwa na Heritier. Mimi umenishtusha wewe, kwamba ulisikia kwa masikio yako gari ni kumi na saba na bado unaniuliza kama usaini ishirini.

Nikuelezee hiyo diskaunti, maana bado naona unaipenda. Mtu anayekupunguzia anaanza na bei ya kweli, halafu anashuka. Hawa walipanda kwanza mpaka ishirini na tatu, wakashuka kidogo, wakasimama bado juu ya bei ya kweli. Hakuna milioni tatu ya bure hapo. Kuna milioni tatu ya kwako inayowaendea wao, na kwa sababu huna, wanakukopesha wenyewe ili uwape. Halafu unawalipa faida juu yake. Halafu wanashika kiwanja. Upungufu wako wa kweli ni milioni moja, mama. Moja. Hiyo kikundi chako cha wamama kinaweza kukukopesha bila kugusa ardhi ya mtu.

Ndiyo maana hawataki cash yako. Mwenye cash anauliza bei, analipa, anaondoka. Mwenye mkopo anaulizwa atalipa ngapi kwa mwezi, na akishaanza kuhesabu miezi anasahau kuuliza gari lenyewe ni la bei gani.

Kuhusu ushuhuda, mimi sikukatazi kumshukuru Mungu. Mshukuru hata kila siku. Lakini Mungu alikuwa anajua una ngapi kabla hujashika kipaza sauti. Aliyekuwa hajui ni muuzaji.

Na unanichekesha unapojisifu kwamba huwezi kunyamaza. Pesa yako uliitangazia kanisa zima. Halafu Ochan akakuambia bei usimwambie mtu, ukatii kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Ungeitaja hiyo bei pale kwenye meza yako ya bitenge, kabla ya saa sita wateja wangekuwa wameshakuambia shemeji ya nani alinunua Spacio kwa ngapi, na ya mwaka gani, na kwa nini wameachana. Ulificha kile kitu ambacho ungekiuliza kingekusaidia.

Sasa sikiliza. Leo hii mchukue Kasereka mzunguke mabondi mengine, hata matatu. Yeye ni dereva, akisikia injini anajua. Yeye aangalie gari, wewe uulize swali moja tu kila mahali: gari hii, cash, ikiwa na namba na kadi kwa jina langu, ni ngapi? Wakikujibu, shika bei hiyo kichwani. Wakikuuliza wewe una ngapi, au utaweza ngapi kwa mwezi, sema asante utoke. Mkopo unaongelewa bei ikishasimama, na unaongelewa na mkopeshaji unayemchagua wewe.

Jumamosi rudi kwa Ochan pamoja na bwana yako. Usimtukane. Mwambie unataka Spacio ile, cash, kumi na saba. Atasema bei hiyo haipo. Mwambie ipo, ulimsikia akiitaja, halafu usiongeze neno hata moja. Najua itakuuma. Vumilia. Atakuuzia, au atakurudishia laki tano yako. Akikataa yote mawili, tokeni, mtarudi na mwenyekiti wa LC, yule kiongozi wa mtaa, kuifuata hiyo laki tano. Lakini usiende kusaini mkopo kwa kuionea huruma laki tano.

Heritier. Usimpigie kelele kanisani. Nenda nyumbani kwa Esperance, mkae watatu, na safari hii usipeleke chakula. Mrudishie maneno yake kama alivyoyasema, na ile "karibu, tunaanza saa tatu" usiisahau. Broka anakula, hakuna anayemkataza, lakini aseme mapema anakula ngapi. Esperance ataumia. Yeye alimbeba mtoto wako mgongoni, anastahili kuambiwa ukweli na wewe, si kuusikia kwa watu. Unadhani kunyamaza kwako ni kumheshimu, lakini umesema mwenyewe kuna wengine wanne mwezi huu. Ukinyamaza, unamsaidia kijana kuwashika. Mpe nafasi awaambie yeye mwenyewe bei ya kweli kabla ya Jumapili. Asipowaambia, waambie wewe, na hapo sitakuzuia kuongea.

Sare zishonwe, zivaliwe, na wasiolipa walipe. Mchungaji mpigie simu, namba unayo, mwambie gari halijapatikana kwa bei nzuri na mafuta yake ayatunze. Ushuhuda wako haukuwa wa uongo. Gari unalitaka na pesa unayo. Ila hukushuhudia kwamba utaibiwa.

La mwisho ndilo gumu, na ulifanye leo kabla hajasikia kwa mtu. Mwambie Kasereka. Amerudisha funguo, amemtukana bosi wake, anakungoja, na wewe unalala naye kitanda kimoja na neno hili tumboni. Itabidi aende kuomba msamaha, apewe lile gari tena kwa muda. Atakasirika. Atasema maneno juu ya mdomo wako, na juu ya kanisa, na vitunguu vitaingia. Mwache aseme, ana haki. Kiwanja kitakuwa bado chenu, na hata kugombana mtagombana juu ya ardhi yenu wenyewe.

Senga Nabwire