Sentensi Niliyoikata Ndalambo

Dada Rehema,

Huku Tunduma ni baridi na manyunyu. Leo nilirudi Ndalambo na mkalimani wetu Subira, tumsomee mama mmoja habari yake: mumewe, dereva wa lori, alivuka mpaka kwenda Zambia asirudi. Kawaida tunamsomea mtu habari yake kabla ya kuituma kwa wahariri. Safari ile ya kwanza nilikuwa na haraka, nikaituma bila kumsomea. Habari imeshatafsiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Subira akamsomea kwa Kinamwanga, lugha yake. Mama akauliza:

“Na pale niliposema arudi tu, sina hasira?”

Nilikuwa nimeikata sentensi hiyo ili habari isizidi urefu.

“Sasa baba, unadhani nilikubali kuongea kwa ajili ya nini?”

Tulipoaga akatupatia mahindi ya kuchoma ya kula njiani.

Wabusu watoto. Ule ujumbe wako mrefu nilioujibu “sawa” tu, leo nitausoma wote.

Kaka yako, Idi