Mnanaa Niliounyunyizia Tumbaku

Jumanne, jioni. Vumbi limetulia, joto bado limekaa ukutani.

Leo sina maneno ya kujisifia bustani.

Nilianza na ndoo mbovu hapa barazani kwetu Mtendeni: mchaichai, mrehani, mnanaa. Mrehani niliuua kwa maji mengi. Jirani yangu Mama Shukuru akacheka, "Shoga, unalima au unafuga ndoo?" Basi mnanaa uliposhika, nikajiona mkulima.

Wakaja wadudu. Shemeji yangu wa Goweko, anayelima tumbaku, akaniletea majani makavu. Kwao huyaloweka, maji yake wakanyunyizia mboga. Akanionya, "Shemeji, zisiliwe mapema." Jana nikanyunyizia. Sikumwambia mtu. Nani ale mnanaa wangu, wakati hata mimi naona huruma kuuchuma?

Mkwe wangu Mwajuma ana mimba kubwa. Leo mchana kiungulia kilimzidi, akachuma majani, akayatafuna mabichi. Mimi niko kwenye mswala, naswali Adhuhuri. Natoa salamu, namsikia anatapika uani.

Nilijua papo hapo.

Kule zahanati nesi akauliza kala nini. Nikamwambia.

"Tumbaku, mama? Kwa mjamzito?"

Benchi zima likageuka. Mwajuma hakuniangalia.

Wakatuweka mpaka alasiri. Nesi akasikiliza tumbo, akasikiliza tena, akasema moyo wa mtoto unapiga. Turudi nyumbani, ila akitapika tena, au mtoto akiacha kucheza, tumkimbize haraka.

Tangu hapo kazi yangu ni kusikiliza. Akikohoa, nasimama. Magharibi nimeswali, sijui hata nilisoma nini, Mola anisamehe. Mnanaa nimeung'oa wote na kuufukia, kuku wasije wakaudonoa.

Hivi punde ameniita chumbani. "Mama, anacheza. Njoo umguse."

Nimefika mlangoni, nikanusa vidole. Vimeoshwa kwa sabuni mpaka vimekunjamana, na bado vinanuka tumbaku.

"Subiri, mwanangu, nikanawe tena."

"Utanawa mpaka lini, Mama? Njoo bwana."

Nimeligusa tumbo kwa mgongo wa mkono, kiganja nimekificha. Kapiga teke, hafifu.

Ya Rabi, usiku huu ni mrefu. Apige tena.