Surua Ilinijua, Kumbe

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya kukata masikio, jua halijatokea tangu asubuhi. Mimi peke yangu mtaa mzima wa Satellite nina joto la furaha kama jiko.

Wacha niandike kabla kifua hakijashuka.

Ndugu yangu mdogo Kamau, anayekaa mtaa wa Jamhuri, alipata mtoto wa tatu wa kiume. Wawili wa kwanza walibeba majina ya babu zao, kwa hivyo huyu, kwa desturi yetu, anachukua jina la kaka wa baba. Kaka wa baba ni mimi. Kuna Njoroge mwingine duniani! Siku hiyo nilinunulia mtaa mzima chai. Sawa, kibanda kimoja.

Lakini mtoto alikuja mapema, mdogo kama mkate wa nusu, akawekwa kwenye mashine ya joto hospitalini mpaka akapata nguvu. Anatoka tu, surua ikawa imeingia mtaani kwao. Nesi wa kliniki akamwambia mama yake, Wairimu, kwamba mtoto hajafikisha umri wa chanjo hiyo. Asishikwe na mtu ambaye hajawahi kuugua surua wala kuchanjwa.

Hapo mdomo wangu ukanifungia nje.

Kwa sababu kila mtu anajua surua hainijui. Nimesimulia harusini, matangani, hata mbele ya wakwe. Tukiwa wadogo kule Uthiru iliangusha watoto wote wa boma. Mama akatulaza kitanda kimoja ili iishe mara moja. Wenzangu macho mekundu, vipele mpaka kwa kope. Mimi katikati yao nakunywa uji wa wote. Surua ikafika kwangu, ikaniangalia, ikauliza njia ya kwenda mji wa Kikuyu.

Nilipofika Jamhuri na shali ya mtoto, Wairimu alinisimamisha mlangoni.

"Shem, si ni wewe husema surua ilikukimbia?"

"Mbio! Iliacha viatu!"

"Basi hautaingia. Nakupenda, lakini hautaingia."

Nilimwona mwenye jina langu kupitia dirisha, kama mtu aliyekuja kuona mfungwa. Nikacheka kwa sauti. Nikarudi nyumbani.

Nikaenda Uthiru kumuuliza Mama. Niliugua ama sikuugua?

"Mlikuwa wengi," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia nani anapumua, si nani ana vipele."

Na kadi za kliniki? Panya wa Uthiru walizisoma zamani.

Basi ikabaki damu. Wiki hii nilipanda ngazi za maabara moja huko tao, katikati ya jiji. Dada wa pale akanieleza kwamba mwili ukishapigana na surua, ama ukichanjwa, kinga hubaki kwenye damu, na wao wataitafuta. Isipopatikana, nichanjwe kisha nisubiri. Nikamwambia alete sindano nene, damu yangu ni nzito kama ya nyati.

"Mzee, wacha kukaza mkono," akasema.

Nilitazama ukuta. Niliogopa, na si sindano.

Niliogopa kwamba miaka hii yote nimekuwa nikisema ukweli.

Leo nikarudi kuchukua majibu. Kinga iko, tena ya kutosha. Nikauliza, ni ya chanjo ama ya ugonjwa?

"Damu haisemi hiyo," dada akanijibu. "Lakini kama mlilazwa kitanda kimoja na wagonjwa, mzee wangu…" Akamalizia kwa kicheko.

Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa labda niliugua. Nilimshika mkono huyo dada mpaka akaomba arudishiwe.

Wairimu alisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni. Akaisoma tena. Akanituma kunawa mikono, nilipotoka akanirudisha kunawa upya. Ndipo akaniketisha, akamweka Njoroge mikononi mwangu.

Ni mwepesi, jamani. Alipiga miayo usoni mwangu bila heshima yoyote.

"Sasa ile hadithi ya Kikuyu imekufa," Kamau akasema.

"Nani amesema? Surua ilinishika usiku, nikaimaliza kimya kimya, hata kipele hakikupata nafasi ya kutoka!"

"Mungu wangu," Wairimu akasema, "na huyu naye atakuwa hivi?"

Wote tulicheka. Mtoto akashtuka, akakamata kidole changu kidogo, na hakukiachilia mpaka akalala.

Nilikuwa nimemtayarishia maneno mengi. Kwamba jina hili ni zito, kwamba limewahi kusimamisha ndovu barabarani. Sikusema hata moja. Nilikaa hivyo hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Kesho nitarudi, nitamwambia la ndovu. Yeye ana wakati, na mimi sasa nina ruhusa.