Hariri ya Gauni la Enid

Ufaransa, Juni 1944

Dada Enid,

Soksi za Mama zimefika, mwambie zinanitosha. Mguu unapona. Mvua imeacha tangu jana.

Najua telegramu ya kifo cha Denzil imeshakufikia. Mimi nitakueleza ilivyokuwa, basi.

Ile ndege ya mbao isiyo na injini ilitutua salama, sisi tukiwa ndani ya kifaru, kifaru tumboni mwake. Denzil alishakiwasha tukiwa bado angani, kama tulivyofundishwa. Tukatoka mbio, lakini hatukwenda hatua hamsini. Shamba zima lilijaa miavuli ya hariri ya askari walioruka kabla yetu. Ikajisokota kwenye minyororo ya kifaru, kikakwama. Miezi yote ile ya mazoezi, hakuna aliyelifikiria hilo.

Denzil akashuka na kisu.

"Katakata tu, twende!" nikampigia kelele.

"Taratibu, shemeji," akacheka. "Dada yako ameniagiza hariri ya gauni la harusi. Nikimpelekea matambara, si atanifukuza kanisani?"

Risasi ilikuwa moja. Nilidhani ameinama.

Iliyobaki tuliikata ovyo kwa dakika mbili, kifaru kikaenda.

Nakutumia kipande alichokikata yeye. Ni yadi nne, nimekifua mara tatu. Ukikitandaza mezani utaona mwenyewe: amekata kwa kunyoosha kabisa.

Mdogo wako,
Clem