Mkaguzi wa Uwani

Jumatatu, 4 Machi

Gari limeletwa saa nne asubuhi. Jeusi, refu, limeziba geti zima. Jirani wa kushoto katoka na mswaki mdomoni, kalitazama mbele na nyuma, akauliza nani tena kafariki. Alidhani gari la maiti. Halafu akakumbuka anaongea na nani, akarudi ndani bila kuaga.

Aliyelileta nimempa jina Bwana Tai. Jua lote lile, na hakuilegeza tai yake shingoni. Kanieleza saa nzima. Viti saba, ngozi tupu. Paa la kioo. Viti vya nyuma kabisa vinajikunja vyenyewe ukibonyeza kitufe, polepole, kama mtu mzima anayeinama kuokota sindano. Na kuna kitu kipya kwangu: vipaza sauti vidogo vimefichwa darini. Dereva akiongea, wa nyuma wanamsikia kwenye spika zao. Wa nyuma wakiongea, dereva anawasikia kwenye zake. "Familia haipigi kelele tena, mzee." Nikamwambia yangu haipigi kelele siku hizi. Akacheka. Angejuaje.

Ninalo hadi Ijumaa saa kumi jioni. Makala inatoka Jumamosi, ukurasa wa magari ya familia, kama kila mara.

Mke wangu hakutoka kulitazama. Cherehani ilinyamaza kidogo gari lilipoingia, kisha ikaendelea. Ana sare za shule za kumaliza. Tangu Mei hajapanda gari lolote ninaloleta. Sokoni anakwenda kwa miguu, anarudi kwa miguu, na mizigo.

Mchana Mhariri kapiga simu. Huyu mpya, nimemwona mara mbili tu. Mara hii ukurasa mzima wa rangi, anasema, na picha. Anamtaka yule mtoto wangu, Mkaguzi, akae kiti cha nyuma kabisa na acheke. Wasomaji wanampenda kuliko mimi. Nikasema sawa.

Sijui kwa nini nilisema sawa. Mkaguzi ni Kitinda, mwanangu wa mwisho, na ana miezi kumi kaburini.

Jumanne, 5 Machi

Kazi ni kazi. Futi ya kupimia, daftari, kalamu mbili.

Nimeanza na Bibi, mama yangu mzazi, maana nyonga yake ndiyo kipimo changu cha mlango. Kapanda kwa awamu tatu, ya pili alipumzika. "Gari la kifahari gani linataka ngazi?" Nikamwambia kuna kitufe cha kulishusha. Akasema ningeanza kwa kukibonyeza. Kweli. Alipokaa, akakisifu kiti, akafumba macho, akalala hapohapo. Alama nane.

Kisha nikaingia mwenyewe nyuma kabisa. Magoti kifuani. Dirisha dogo, lakini unaona nje. Hewa inafika. Pa kuweka kikombe papo. Nimewasha kila kinachowashwa, na vile vipaza sauti pia, nikaviacha vivyo hivyo. Halafu nikakaa tu. Nimekaa kule muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

Jina la uwani ni la Kitinda. Alikuwa na miaka minne, gari la kwanza la viti saba kuja hapa nyumbani, akapita katikati ya viti kama paka, akakaa mwisho kabisa, akatangaza: "Mimi nakaa uwani." Basi safu ya tatu ikawa uwani. Nikaiandika gazetini hivyo, watu wakalipenda neno. Kila gari nikamnukuu. Uwani pamebana. Uwani panatapisha. Uwani pazuri ila hakuna wa kucheza naye. Wasomaji wakambatiza Mkaguzi wa Uwani.

Na mtihani wa siri, huo pia ni wake. Gari linaunguruma, yeye uwani anasema siri kwa sauti ya kawaida, hapigi kelele. Mimi mbele najibu kwa honi. Moja, nimesikia. Mbili, sijasikia. Majirani walilalamika sana. Lakini niambieni kipimo bora kuliko hicho! Mtu akiwa nyuma kabisa, anasikika au hasikiki?

Mara ya kwanza haikuwa uongo. Baada ya msiba nilikuwa na gari moja ambalo alilikagua kweli, akiwa mzima. Nikaandika alichosema, neno kwa neno. Wiki mbili baadaye likaja lingine. Nikafika mahali pake kwenye ukurasa na mkono haukuweza kuparuka. Nikaandika: Mkaguzi anasema uwani safi. Maneno manne. Nililia, na nilipomaliza kulia nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Mhariri wa zamani alikuja msibani, akastaafu mwezi uliofuata. Huyu mpya hajui kitu, na mimi sikumwambia. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika gari la kumi na nane.

Gazeti silileti nyumbani. Mke wangu hana habari. Naomba awe hana.

Jumatano, 6 Machi

Binti yangu mkubwa tunamwita Twiga kwa ajili ya miguu. Miaka kumi na sita. Yeye ndiye magoti yangu ya safu ya kati. Jioni tumezunguka naye mitaa ya hapa karibu. Matuta huyahisi. Kona linalala kidogo. Tairi za mbele zinanong'ona tu.

Akaanza bila kunitazama. Kwamba wiki ile niliandika Mkaguzi kapenda harufu ya kiti kipya.

"Baba, Kitinda alikuwa hapendi harufu ya gari jipya. Alikuwa anatapika."

Nikamuuliza kama anasoma. Anasema shuleni wote wanasoma. Mwalimu wake hata humuuliza mdogo wake anaendeleaje.

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema anaendelea."

Nikaegesha kando. Nimemfundisha mwanangu kumsemea uongo marehemu mdogo wake, mbele ya mwalimu. Nikamwomba radhi. Akasema hataki radhi. Anataka nikimsemesha Kitinda, basi nimsemeshe vizuri, asiwe mtoto mwingine. Na mama yake asijue.

Hatukusema kuhusu ile siku. Hatuisemi. Lakini tulikuwa tumeegesha mtaa uleule, kwa hiyo wote wawili tulikuwa tunaiwaza. Gari lile lilikuwa na kelele za dizeli. Kitinda akasema siri yake kutoka uwani. Sikusikia. Nikapiga honi mbili, nikicheka. Akasema tena. Nikapiga mbili tena. Akanyamaza. Twiga alikuwa safu ya kati na muziki masikioni, lakini kipande alikipata, na aliniambia baadaye, siku ya tatu, hospitalini. Alichosema ni kwamba kichwa kinamuuma.

Homa ya uti wa mgongo. Daktari alisema saa chache zisingebadilisha kitu. Daktari ni mtu mwema.

Gari lile nililipa alama mbili kwa kumi za usikivu. Mke wangu anayajua yote haya. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 7 Machi

Mpiga picha kafika saa tatu. Kapiga usukani, ngozi, paa, buti wazi, buti limefungwa. Kisha akauliza Mkaguzi yuko wapi. Nikasema hayupo. Akasema atasubiri atoke shule. Kijana mstaarabu, kakaa kivulini na chupa yake ya maji. Nikamwacha asubiri saa nzima. Aibu gani hii, mtu mzima mimi.

Mwishowe nikampigia Mhariri, nikasema mtoto hawezi kupigwa picha. Anaumwa? Nikasema hapana, haumwi tena. Hakulishika neno. Akasema basi niazime mtoto wa jirani, umri huohuo, mgongo tu na nywele, nani atajua. Mtoto ni mtoto.

Nikakata simu. Nikamwambia mpiga picha aende zake.

Mtoto ni mtoto! Lakini nilipotulia nikaona hakuna alilosema ambalo mimi sijalifanya. Miezi kumi naazima mtoto. Yule wa gazetini anayependa harufu ya ngozi mpya si wangu. Twiga kaona kabla yangu. Kidogo kidogo namfuta wa kweli kwa kumwandika wa uongo.

Nimeandika makala. Mlango, viti, matuta, buti. Mahali pake nimeandika hivi: Mkaguzi wa Uwani alifariki Mei iliyopita, akiwa na miaka saba. Maneno yote niliyompa tangu hapo ni yangu. Nisameheni.

Sijaituma. Mke wangu hawezi kuyasoma hayo kwa jirani. Lazima nimwambie kwanza. Nimekaa naye mezani, nimekula, nimesifu chakula, nimeuliza habari za vifungo. Sikuweza. Kesho asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tano. Bado sijasema. Nimeosha gari. Nimeliosha tena.

Saa nane na nusu. Naandika nikiwa kwenye gari, daftari juu ya usukani. Lazima niandike sasa hivi. Mikono isipofanya kitu nitaharibu jambo.

Nimeingia chumba cha cherehani saa nane. Nikasimama mlangoni kama mdeni. Nikasema, "Mama Twiga, kesho naandika ukweli gazetini. Kwamba Kitinda hayupo."

Nilingoja aniulize kwani nilikuwa naandika nini. Hakuuliza. Alikata uzi, akachomeka sindano kwenye mto wake, akakunja sketi aliyokuwa anashona. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Tangu lini, sijui.

Akavaa ndala, akatoka. Nikamfuata. Hakwenda getini. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akabonyeza kitufe, kiti kikainama kumpisha, akapita, akaenda kukaa uwani. Miezi kumi hajagusa gari! Akajifunga mkanda.

"Washa," akasema. "Hujafanya mtihani wa siri. Huwezi kurudisha gari hujalifanyia mtihani."

Nikakaa mbele, nikawasha. Injini ya hili ni pole, lakini feni nayo ilikuwa juu, na safu tatu ni safu tatu. Kwenye kioo nilimwona amegeukia dirisha lile dogo. Midomo ikaanza kucheza. Alikuwa anajua simsikii. Alikuwa anasema kwa sababu simsikii.

Ikatoka kwenye spika. Hapa, mlango wa dereva, karibu na goti langu. Vile vipaza sauti. Nilivisahau toka Jumanne.

Hakuwa anaongea na mimi.

Alisema, mwanangu, wiki ile baba yako kakusemesha habari za harufu, nikacheka peke yangu, nikasema huyu baba naye. Alisema Jumamosi huwa anapitia kwa muuza magazeti kabla ya sokoni. Anasoma palepale amesimama, mstari wa mwisho kwanza. Halafu analinunua, anakikata kipande, anakiweka kwenye kopo la vifungo. Alisema, baba yako anakukosea maneno, mwanangu, hajui kukuigiza, lakini nani mwingine anakusemesha? Bibi yako halitaji jina lako. Dada yako halitaji. Mimi nikilitaja sauti inakatika. Alisema, kesho anataka kuandika kwamba umekufa. Ukinyamaza kesho, Jumamosi nyingine nitaamka niende wapi?

Nilikuwa namtazama kwenye kioo. Hakuwa analia. Alikuwa anaunyoosha mkanda, anaunyoosha tu, kama kitambaa kabla hakijapita cherehanini.

Nilipaswa kuvizima. Mkono ulikwenda hadi kwenye kitufe. Sikuvizima. Mwaka jana sikusikia lililohitaji kusikika. Leo nasikia ambalo si langu kulisikia.

Kisha akageuka mbele, akapaza sauti kidogo, kama mtoto alivyokuwa akimaliza mtihani.

"Baba Kitinda. Umesikia?"

Maisha yote ananiita Baba Twiga. Hata siku ya mazishi.

Simu inatetemeka kwenye kiti cha pembeni. Ni Mhariri, anataka makala kabla ya saa tisa. Makala imo humohumo ndani ya simu, inangoja kidole. Mkono wangu wa kulia unaandika haya; yeye anadhani najaza alama. Wa kushoto uko juu ya honi.

Nikipiga moja, atajua nimesikia yote, na itabidi tuzungumze, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nikipiga mbili, siri yake inabaki yake, na mimi nimempigia mama yake Kitinda honi zilezile nilizompigia mtoto.

Ameuliza tena. "Umesikia?"

Nimepiga moja.

Ananitazama kwenye kioo. Spika inaniletea pumzi zake tu. Sijautoa mkono kwenye honi, na sasa anafungua mkanda, anakuja mbele.