Kompyuta Iliyomkumbuka Bakari

Mwajuma, mke wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, goti limetulia. Lakini nasikia swali lako la kompyuta mnayotumia wengi, kwa nini maandishi unayoyakuza hurudi madogo, ulimpelekea kwanza Bakari wa Simbo. Bibi yako anacheka. Mimi sicheki.

Tulipokuwa kazini bandarini na huyo Bakari, programu ya kuandikia barua ilikaa kwenye kompyuta moja kubwa, sote tukaitumia kupitia waya. Kila jioni nilipanga maandishi yawe makubwa, asubuhi nayakuta madogo, kama wewe huko. Ya Bakari hayaguswi. Wivu ukanikaba, ila kumuuliza sikukubali. Nikamvizia akifungua programu: yeye aliandika jina lake, sisi wengine tuliandika "ofisi".

Nikamwendea fundi. "Nataka jina langu."

"La ofisi lina kasoro gani, ndugu?"

"Kila anayeingia nalo anapanga apendavyo, mimi nakuta mipango yake."

Akacheka, akanifungulia jina langu, na maandishi yangu hayakupungua tena.

Basi omba jina lako, upange upya, yatakaa. Bakari alipewa tu lake. Mimi niliyeishia darasa la nne niligundua siri yake mwenyewe.

Yakikaa, nipigie mimi. Bakari atasikia kwangu.

Babu yako na mumeo,
Ujiji